Aliyekuwepo na Hakuugua: kisa cha kaya moja ya Dodoma, sumukuvu na tuhuma za uchawi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Majina, kata na mwaka vimeondolewa, na umri wa wahusika umebadilishwa kidogo. Kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa kilimo, watendaji wa vijiji na wazee wa mabaraza, kwa kuwa hao ndio huitwa kwanza familia inapoanza kumnyooshea mtu kidole.

Swali lenyewe ni hili: ilikuwaje watu wenye akili timamu, wanaoijua mvua, shamba na mifugo yao kuliko mgeni yeyote, wakaamini kwamba bibi wa nyumbani anawaua wajukuu wake? Jibu la "ni ujinga tu" limeshatolewa mara nyingi na halijamwokoa bibi yeyote. Tena si kweli. Familia hii ilikuwa na ushahidi, na iliuangalia kwa makini.

Mazingira

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata takriban milimita 500 hadi 600. Uwele na mtama ndiyo nafaka za asili za Wagogo kwa sababu zinavumilia ukame. Mahindi hayavumilii. Jua likiyachoma wakati yanajaza punje, na wadudu wakayatoboa, kuvu wa aina ya Aspergillus flavus huingia yakiwa bado shambani. Mahindi hayo yakiloa tena baada ya kuvunwa, kuvu huyo huzaana na kuacha sumukuvu, hasa ile iitwayo aflatoksini. Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi.

Mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana uliibuka Dodoma, zikiwemo wilaya za Chemba na Kondoa, na katika mkoa jirani wa Manyara. Watu walitapika, macho yakawa ya njano, matumbo na miguu ikavimba. Waliougua walihesabiwa 68 na 20 kati yao walikufa kabla mambo hayajatulia. Chanzo kilikuwa mahindi. Kenya ilishapitia hayo mwaka 2004, ambako watu 125 walikufa kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Kwa hiyo kisa hiki kilipotokea, maarifa yalikuwepo nchini, ila hayakuwa yamefika kwenye kitongoji hiki.

Kaya ilikuwa na watu tisa: baba, mama, watoto watano wa miaka 14, 11, 8, 5 na 2, kijana wa miaka 17, na bibi mzaa baba, mjane wa miaka 70 hivi. Baba alikuwa kwenye vibarua vya ujenzi mjini na alirudi nyumbani mara chache. Kijana alikuwa amehamia na ng'ombe malishoni, mbali. Bibi alikaa chumba cha pembeni cha nyumba hiyohiyo, tembe la udongo, na alijipikia mwenyewe ugali wa uwele na mlenda, kwa sababu mahindi, kwa maneno yake, "hayakai tumboni".

Kulikuwa pia na ugomvi. Miezi miwili kabla, mbuzi wa bibi aliuzwa bila yeye kuulizwa. Akasema mbele ya majirani: "Mtanikumbuka."

Mtiririko wa matukio

*Siku ya 1.* Gunia la tatu la mahindi linafunguliwa. Magunia mawili ya mwanzo mama aliyachambua kwenye ungo. Hili la tatu hakulichambua, kazi zilikuwa zimemlemea. Mavuno yalikuwa madogo, hivyo hakukoboa. Alisaga dona ili kisipotee kitu.

*Siku ya 4 hadi ya 7.* Vifaranga waliotupiwa chenga za gunia hilo wanakufa mmoja mmoja. Mbwa aliyekuwa akipewa ukoko wa ugali anaacha kula, anatapika, anakufa. Majirani wanasema mlinzi ameondolewa kwanza ili njia iwe wazi.

*Siku ya 6 hadi ya 10.* Mtoto wa miaka 5 anatapika, macho yanakuwa ya njano, mkojo unafanana na chai ya rangi. Zahanati inampima malaria, hana. Anaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, lakini nauli haipo na baba yuko mjini. Anafariki siku ya 10.

*Siku ya 11 na ya 12.* Mama na watoto wa miaka 14, 11 na 8 wanaugua. Yule wa miaka 2, ambaye bado ananyonya na kuonjeshwa ugali kidogo tu, analegea kidogo. Vipimo vya malaria havionyeshi kitu. Neno linazunguka kitongojini: hospitali hawaoni ugonjwa, basi si ugonjwa wa hospitali.

*Siku ya 13.* Familia inakwenda kwa mganga. Anauliza nani anaishi pale, nani anaumwa, nani haumwi, nani anakula na nani. Kisha anapiga ramli: mkono ni wa mtu wa ndani, asiyekula nao chungu kimoja. Anaagiza wahame nyumba siku saba, wasibebe moto wala chakula kutoka pale, na waoge dawa.

*Siku ya 14 hadi ya 21.* Wanakaa kwa mjomba. Kutapika kunakoma siku ya tatu, hamu ya kula inarudi.

*Siku ya 22 hadi ya 30.* Wanarudi nyumbani na kuendelea na gunia lile. Siku ya 27 ugonjwa unarudi. Siku ya 30 mtoto wa miaka 8 anafariki.

*Siku ya 31.* Usiku vijana wanakusanyika karibu na chumba cha bibi, wengine wameshika marungu. Mwenyekiti wa kitongoji anasimama mlangoni na wazee wawili hadi alfajiri.

Maamuzi yaliyofanyika, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mwenyekiti: siku ya 32 bibi alipelekwa kwa binti yake, kijiji kingine. Aliwakumbusha watu kwamba Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi atende kosa. Sheria haikumshawishi mtu pale, lakini iliwapa wazee neno la kusimamia. Uamuzi huo uliokoa maisha. Hasara yake ilikuwa kwamba kuondoka usiku kulionekana kama kukiri.

Siku ya 33 ilifika timu ya halmashauri: mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, afisa kilimo wa kata na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Waliitisha mkutano chini ya mbuyu na mratibu akaanza kwa kusema hakuna uchawi, hizo ni imani potofu. Watu walinyamaza. Baadhi waliinuka. Timu ilipoomba sampuli ya mahindi, baba alikataa. Watu waliokuja kumwambia kwamba msiba wake ni upotofu wa akili wangewezaje kupewa chakula chake?

Usiku ule timu ilibadili njia, na hapa ndipo kisa kilipogeuka. Asubuhi ya siku ya 34 alikwenda mhudumu peke yake, mwanamke wa kijiji jirani anayezungumza Kigogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo sikuja kukufundisha. Nimekuja unihesabie."

Alitandika mkeka, akaomba ungo na maharage ya rangi mbili: mekundu kwa aliyeugua, meupe kwa asiyeugua. Akachora mstari wa mkaa katikati ya ungo, upande mmoja waliokula ugali wa gunia la tatu, upande wa pili wasioula. Mama ndiye aliyeweka maharage, mmoja mmoja, akitaja majina. Yalipokwisha, upande wa waliokula kulikuwa na mekundu sita, hakuna jeupe. Upande wa pili kulikuwa na meupe matatu: baba, kijana, bibi.

Mama akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: jirani aliyesaidia kupukuchua alilipwa debe moja kutoka gunia lilelile. Walipokwenda kwa huyo jirani, kwenye kaya yake watu wanne walikula na wawili walikuwa wamelala na macho ya njano. Familia hiyo haikuwahi kugombana na bibi. Ilikuwa rafiki yake.

Baba aliruhusu sampuli mchana huo. Afisa kilimo hakuchota konzi ya juu, kwa kuwa sumukuvu haisambai sawa: punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Alichoma bambo, chuma cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, juu, katikati na chini, pande zote, akachanganya na kugawa hadi kupata kilo tano. Majibu yalirudi siku ya 42, na kiwango kilikuwa mara nyingi juu ya kikomo cha Afrika Mashariki, ambacho ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 kwa ile aina ya B1.

Kosa zito la timu liko hapa katikati. Walitaka kwanza majibu ya maabara ndipo waizuie familia kula mahindi yale, na gunia likaendelea kuliwa hadi siku ya 37. Siku ya 35 mtoto wa miaka 11 alitapika tena. Ungo ulikuwa umeshajibu siku ya 34, na hiyo ilitosha kulifunga gunia siku hiyohiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakukuwa na chakula mbadala. Ni sababu ya kweli, maana huwezi kumwambia mtu mwenye njaa atupe gunia halafu uondoke. Lakini kijiji kilipoambiwa siku ya 37, debe kwa debe yalichangwa magunia mawili kwa siku moja. Wangeambiwa mapema wangechanga mapema.

Mahindi mabovu yalifukiwa kwenye shimo mbele ya mashahidi, yakichanganywa na majivu na kinyesi cha ng'ombe ili asije mtu kuyafukua. Hayakuuzwa, hayakupewa kuku, hayakupikiwa pombe.

Matokeo

Watoto wawili walipotea. Mama, watoto watatu waliobaki na wagonjwa wa kaya ya jirani walipona ndani ya wiki kadhaa. Baada ya gunia kufungwa siku ya 37, hakuugua mtu mwingine.

Uchambuzi: imani ilishikiliwa na nini?

*Swali la "nani" lilipewa ushahidi uleule wa "nini".* Aliyekuwepo na hakuugua ndiye dalili kubwa kuliko zote katika ugonjwa wa chakula. Mpelelezi wa magonjwa angemkimbilia bibi kwanza na kumuuliza: wewe unakula nini? Kijiji nacho kilimkimbilia bibi kwanza. Majirani walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kweli kilikuwa ndani ya nyumba, kimeegemezwa ukutani. Hivyo macho ya watu yaliona sawasawa. Tofauti ilikuwa katika swali waliloanza nalo.

Na kwa nini bibi pekee, wakati baba na kijana nao hawakuugua? Hao walikuwa na sababu iliyo wazi: hawakuwepo. Sababu ya bibi ilikuwa ndani ya chungu chake cha uwele, na hakuna aliyekifikiria chungu kwa kuwa kilikuwa pale kila siku.

*Neno lilikumbukwa baada ya tukio.* "Mtanikumbuka" ni neno ambalo wazee hulitamka kila mwaka katika kila ukoo, na mara nyingi hakifuati kitu. Mara hizo hazihesabiwi na mtu. Likitokea msiba, neno moja linafukuliwa, na ugomvi wa mbuzi unakuwa mwanzo wa hadithi.

*Dawa ya mganga ilifanya kazi.* Hili lisipotajwa, uchambuzi wote ni bure. Familia ilipohama, ilipona kweli. Katika siku zile saba walitenganishwa na vitu viwili kwa mpigo: bibi na gunia. Waliporudi, walivirudia vyote viwili, na ugonjwa ukarudi. Mtu aliyeshuhudia hayo kwa macho yake hawezi kuambiwa "ni mawazo yako". Kilichotakiwa ni kuvitenganisha vile viwili, na hilo lilitokea bila mtu kupanga: bibi aliondoka siku ya 32, gunia likabaki, na siku ya 35 mtoto akatapika.

Cha kusikitisha ni kwamba hata hilo halikutosha. Wengine walisema bibi ameacha kitu amekizika. Imani ya namna hii ina mlango wa nyuma kwa kila pingamizi: akiwepo ni yeye, asipokuwepo ni alichoacha. Kilichoitikisa kilikuwa ni kaya ya jirani, wagonjwa wasio na ugomvi wowote na mtuhumiwa. Anayepeleleza kisa kama hiki atafute mapema mgonjwa wa nje ya ukoo.

*Zahanati iliacha pengo.* Kipimo cha malaria kilichotoka bila kitu kilimaanisha "si malaria". Familia ilisikia "si ugonjwa". Hakuna aliyewaeleza kwamba macho ya njano ni ini linalolia, na kwamba ini huumizwa na mambo mengi, chakula kikiwemo. Mtu akiachwa bila maelezo hujitafutia yake, na maelezo yaliyokuwa karibu ni yale ya ramli. Hata wataalamu hupitia kipindi hicho. Mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa na wakauita ugonjwa X hadi walipoikuta sumu kwenye mashudu ya karanga. Kuvumilia herufi X kwa miezi ni jambo moja bata wakifa. Mtoto wako akifa, ni jambo jingine kabisa.

*"Kwa nini sisi?" ni swali halali.* Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Waazande wa kusini mwa Sudan miaka ya 1920, alieleza jinsi ghala lililoliwa na mchwa linavyowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Waazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Kwao uchawi ulijaza nafasi hiyo.

Baba wa kaya hii alifika palepale siku ya 43. Alisema: "Sawa, mahindi yana sumu. Kijiji kizima kimeanika mahindi. Kwa nini yangu?"

Timu nyingi zingejibu "bahati mbaya" na kufunga daftari. Afisa kilimo alimwomba wapande pamoja juu ya tembe. Paa la tembe ni la udongo, karibu tambarare, na familia nyingi huanika juu yake. Mahindi ya magunia mawili ya mwanzo yalikuwa yametandazwa sehemu ya juu. Yale ya mwisho yalikosa nafasi, yakarundikwa kwenye kona inayoinamia zizi, unene wa kiganja kizima. Mlizamu wa mbao wa kona hiyo ulikuwa umeziba kwa tope. Mvua moja ya kuchelewa ilinyesha mwezi Mei, siku za kazi, baba akiwa mjini. Maji yakasimama pale. Kwenye ufa wa udongo bado kulikuwa na punje saba au nane zilizochipua na kukauka, zimeota ukungu wa kijani kibichi. Baba alizichokoa kwa kijiti, akaziweka kiganjani, akakaa chini.

Hapo ndipo alipoacha kumtaja mama yake. Majibu ya maabara hayakumfikisha hapo. Yalisema tu kwamba kuna sumu. Kona ya paa ilimwambia kwa nini gunia hili, nyumba hii, mwaka huu.

Kilichobadilishwa katika utendaji

Mkutano wa hadhara haufunguliwi tena kwa kukana uchawi. Timu huanza na ungo na maharage, na anayehesabu ni mwenye msiba. Gunia linaloshukiwa hufungwa siku hiyohiyo, na mchango wa chakula huombwa saa hiyohiyo.

Kwa kaya zenyewe, mafundisho yamepunguzwa hadi yale yanayofanyika bila fedha nyingi. Kuanika juu ya turubai, kwa utandazo mwembamba, na kukunja mvua inapotishia. Kuhifadhi unyevu ukishuka hadi asilimia 13.5 au chini. Asiye na kipimo hutumia chumvi: chupa kavu yenye mfuniko, mahindi hadi theluthi, vijiko vitatu au vinne vya chumvi kavu, kutikisa dakika mbili au tatu, kisha kuacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Kosa linalotokea sana ni kutumia chumvi iliyokaa wazi jikoni, ambayo tayari imevuta unyevu na hushika chupa hata mahindi yakiwa makavu. Ikaushwe kwanza. Kuchambua punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa au zilizonyauka hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na kukoboa pia, kwa kuwa sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini. Pumba zake basi wasipewe kuku. Na uwele urudi mezani.

Mganga alitembelewa na mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Hakutishwa kwa mitishamba yake, ila alielezwa kuhusu ramli chonganishi na matokeo yake kwa bibi. Alikubali jambo moja: mwenye macho ya njano asimkalishe, ampeleke kituo cha afya na kuwaambia ndugu waje na unga wanaokula. Mwaka uliofuata alileta wawili.

Bibi alirudi baada ya mavuno yaliyofuata. Mwanawe ndiye aliyemfuata. Wiki ya kwanza mama wa kaya alimpelekea chakula chumbani. Wiki ya pili waliketi jikoni pamoja, bibi akichambua mahindi ya magunia yote kwenye ungo uleule, na wajukuu wakila uwele wake. Jirani wa upande wa mashariki bado huwazungusha watoto wake nyuma ya zizi wanapokwenda shule, ili wasipite mbele ya mlango wa bibi.